Kiti cha Dirishani na Kuku wa Mtani

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, simu wekeni chini. Mnasema bibi zenu hatuijui dunia, tumezaliwa shambani na tutafia shambani. Mimi nimepanda ndege. Nimeipanda, na nusura nishushwe kabla haijaruka, na aliyeniokoa hakuniokoa kwa upole. Nitaeleza bila kupamba. Kupamba ni kazi ya arusi, na arusi ndiyo iliyonipeleka huko.

Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, anafanya kazi Mwanza. Akapata mchumba huko huko. Arusi ikapangwa Jumamosi asubuhi, na yule mtoto, mwenye kichwa kigumu kama changu, akatangaza mbele ya wakwe kwamba hatoki ndani kwenda kanisani mpaka bibi yake amshike mkono amtoe. Wakwe wakakubali. Basi mzigo ukawa wangu: nisipofika, bibi arusi hatoki. Na miguu yangu siku hizi nikikaa kwenye basi muda mrefu inavimba kama mihogo. Kutoka kijijini kwetu Mbingu, huko Ifakara, mpaka Dar niliivumilia. Ilipobaki safari ya Mwanza, wajukuu wakasema bibi atapanda ndege ya Ijumaa jioni, ya mwisho siku hiyo. Sikubishana nao.

Mjukuu aliyenisindikiza uwanjani alinionyesha kile kikaratasi cha kupandia. "Bibi, hii herufi ni ya dirishani. Usikubali mtu akuhamishe."

Kuniambia mimi maneno hayo! Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namba na herufi nazijua, na kilicho changu nakijua zaidi.

Naingia ndani, natafuta mstari wangu, nakuta mzee amekaa dirishani kwangu. Mzee mrefu, koti zito, kofia ya sufu imemfika masikioni, na joto lote lile la Dar. Kiti cha katikati amekaa binti mmoja na kompyuta yake mapajani. Cha pembeni, kwenye njia, kitupu.

"Baba, hicho kiti changu," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayetazama mvua inayonyesha kijiji cha pili. "Mama, kaa hapo pembeni. Viti vyote vinafika Mwanza."

"Kama vyote vinafika, njoo wewe pembeni."

"Mimi nimeshafunga mkanda."

"Mkanda si pingu. Fungua."

Hapo nilikuwa nimekasirika kwelikweli, nisiwadanganye. Kisha simu yake ikalia. Akaipokea kwa salamu ya kwao, "Kamwene! Kamwene!", akaendelea na Kihehe chake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Hasira yangu yote ikakatika. Mhehe! Kumbe nilikuwa namnunia mtani wangu bure.

Nyie ambao utani mnaujua wa kwenye simu tu, sikilizeni. Sisi Wandamba na Wahehe, wazee wetu walipigana. Vita vilipokwisha, uadui ukageuzwa utani, na utani una sheria kali kuliko uadui. Mtani atakutukana. Atachukua kitu chako mbele ya macho yako. Hata msibani kwako atakuja kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayenuna ameshindwa, anayeomba radhi ameshindwa zaidi, na aliyeshindwa hutoa kuku.

Alipokata simu nikamwambia, "Ndiyo maana! Mhehe. Kofia ya sufu Dar es Salaam! Unaogopa baridi ya wapi? Au hujaoga tangu ulipoivaa?"

Akageuka taratibu. Macho yakamng'aa. "Na wewe wa wapi?"

"Ifakara."

"Mndamba!" Akajipiga paja. "Ndiyo maana ndege nzima inanuka kambale. Hivi nyie mmeanza lini kutembea nchi kavu?"

"Tangu nyie mlipoanza kushuka milimani kuja kutuomba mchele."

"Mchele wenyewe mnavushiwa na mamba, shemeji yenu."

"Afadhali shemeji mamba kuliko wewe uliyeoa ulanzi. Hiyo pombe ya mianzi inakulaza kila jioni, inakuamsha kila asubuhi, na bado hujailipia mahari."

Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa cha yule binti. Anamtazama huyu, anamtazama yule, kompyuta ameikumbatia. Sisi ndio kwanza tumekolea. Mzee akasema, "Ndege ikiruka tu nafungua mlango, nakutupa mtoni kwenu ukale na ndugu zako." Na mimi, kwa kuwa kwenye utani neno la kuzika ndilo tamu kuliko yote, nikamjibu, "Hufiki huko. Nakuua hapa hapa, nakuzika na kofia yako. Sanda nimekuja nayo." Nikaupigapiga mfuko wangu, uliokuwa na vitenge vya arusi.

Binti akabonyeza kitufe cha kuita wahudumu.

Akaja msichana mdogo, sare imemkaa. Nilidhani atafoka, maana kwetu msuluhishi hufoka kuliko wagomvi. Huyu hakufoka. Alichuchumaa pale kwenye njia mpaka macho yake yakawa chini ya yetu, akashusha sauti, nasi tukajikuta tumeshusha zetu ili tumsikie.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

Tukaitikia. Hakuuliza nani mwenye kosa. Aliuliza, "Bibi, unataka nini?"

"Kiti changu."

"Na wewe, babu?"

"Dirisha."

Akampa kila mmoja kikombe cha maji. Mtu anayekunywa maji hawezi kutukana. Nikasema moyoni, huyu mtoto amefundwa.

Na angeyamaliza, kama si binti wa kompyuta. "Dada, si kiti! Babu amesema atafungua mlango amtupe bibi nje. Na bibi amesema atamuua, ana sanda kwenye mfuko!"

Uso wa yule msichana ukabadilika. Akainuka, akaenda kumwita mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa shingoni, uso wa mwalimu wa zamu. "Nani amesema atafungua mlango?" Mzee akainua kidole. "Nani amesema ataua?" Nikainua changu.

"Maneno hayo mawili humu ndani hayana mzaha," akasema. "Rubani akiyasikia, mnashuka wote wawili, mizigo yenu inatafutwa, na watu wote hawa wanawasubiri. Sasa ombaneni radhi hapa nisikie. Ama nakwenda kumwambia."

"Ni utani tu, mwanangu," nikasema.

"Utani unaachwa kule nje, bibi, pamoja na visu."

Nikamtazama mzee: anza wewe. Akanitazama: anza wewe. Mhehe amekaza shingo, na mimi nimekaza yangu. Abiria wananyoosha vichwa juu ya viti kama kuku kwenye tenga. Nikamwona akilini mjukuu wangu amekaa kitandani na shela lake, wakwe wanatazama saa, naye anawaambia bibi yuko njiani. Na hakuna ndege nyingine.

Kuku si kitu, nyie. Kuku ninao. Lakini kumwomba Mhehe radhi ni jambo ambalo lingesimuliwa kwenye misiba ya ukoo wangu, hata nikiwa mimi mwenyewe ndani ya jeneza. Mtoto ni mtoto. Nikafungua mdomo, na ile radhi ilikuwa imeshafika kwenye meno, ila nikaona nianze na huyu mkubwa, nijipe muda.

"Mwanangu, kesho namtoa mjukuu wangu kwenda kanisani, ananisubiri mimi. Lakini ujue unaniomba jambo gani. Mimi Mndamba, huyu Mhehe. Nikimwomba radhi..."

Akaniinulia mkono. "Mndamba na Mhehe?"

"Ndiyo."

Akainama kati yetu, akanong'ona, uso wake ni ule ule. Aliyekuwa nyuma angedhani anatusomea sheria.

"Basi mmekwisha. Mimi Mngoni. Kwetu Songea."

"Yesu wangu," akasema mzee.

Mngoni ni mtani wa Mhehe, na ni mtani wa Mndamba. Alipigana na wote wawili enzi hizo, na hajazaliwa Mngoni asiyeamini kwamba alishinda.

"Watumwa wangu," akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, "neno la mlango na neno la kuua nisiyasikie tena. Hilo ni la kazi, na kwenye kazi sina mtani. La kwetu ni hili. Babu, toka dirishani. Bibi, dirisha hupati. Nalichukua mimi." Akamsogeza binti wa kompyuta dirishani, mimi akanikalisha katikati, mzee pembeni. "Na atakayefungua mdomo kabla magurudumu hayajagusa Mwanza, anatoa kuku kwa mwenzake."

Akanyooka, akawaambia abiria kwa ile sauti nzuri ya kwenye spika, "Samahanini kwa usumbufu. Tunaondoka."

Yule binti hakulitazama hata dirisha. Alishusha kile kifuniko chake cha plastiki, akalala. Kiti tulichokipigania, nasi tunatazama plastiki!

Basi tukaruka. Mabubu wawili bega kwa bega. Mkono wa kiti uliokuwa kati yetu tuliugombea kwa viwiko, bila sauti, mpaka kiwiko changu kikafa ganzi. Tulipoingia mawinguni ndege ikaanza kurukaruka kama trekta kwenye majaruba ya mpunga. Mzee akashika kiti kwa mikono yote miwili, kofia ikamshuka machoni. Ulimi uliniwasha, nyie! Nilitaka kumwambia, si mnakaa mlimani, juu mmeshazoea? Sikusema. Niliitazama suruali yake, nikapandisha nyusi, nikaziba pua. Akanionyesha ngumi. Nikamshukuru Mungu kwa safari nzuri.

Ndipo likaja toroli la vinywaji, na anayelisukuma ni yule Mngoni mwenyewe. Akaanza na mzee. "Babu, utakunywa nini?" Mzee akaonyesha juisi kwa kidole, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Nikajiandaa. Nikainua kidole changu kabisa, kielekee kwenye chai.

Hakuniuliza chai. Alikunja magoti kidogo, akainamisha kichwa, sauti imekuwa laini ya mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Lilitoka lenyewe! Kwani bonde lote la Kilombero kuna mwanamke wa umri wangu anayeamkiwa akanyamaza? Hata usingizini ningeitikia. Naye alijua.

"Kuku!" mzee akapiga ukelele mpaka kitoto kichanga huko nyuma kikaamka.

"Na wewe umesema," nikamwambia.

"Wa kwanza ni bibi," akasema yule Mngoni, anamimina juisi bila kumwaga hata tone. "Na paja moja langu."

Tulipofika Mwanza, mzee alinishushia mfuko wangu kutoka kwenye kabati la juu, akauweka begani kwake mpaka nje. "Shemeji wa mamba, unakaa wapi, nije kuchukua haki yangu?"

"Mbingu. Ukishuka pale barabarani, uliza mwenye mdomo mkali."

"Mwanangu yuko Uchindile, kwenye mashamba ya miti. Nikienda kumwona, nitapita."

Jumamosi asubuhi nilimshika mjukuu wangu mkono, nikamtoa ndani. Akataka kulia, nikamwambia meza hayo machozi, poda bei ghali. Bwana arusi nilimwita mume wangu mbele ya wazee wake, akaona haya, nikajua ni mtoto mzuri.

Niliporudi Mbingu, kabla hata sijavua viatu, niliwaita wote uani, mkwe wangu na wajukuu, nikawaambia: "Akija hapa mzee mrefu, kofia ya sufu, akafungua banda akakamata kuku, nisisikie mtu anapiga yowe la mwizi. Mwamkieni, mpeni maji ya kunywa, mpeni na kamba ya kumfungia. Yule mweupe anayekula mayai yake mwenyewe akae karibu na mlango wa banda kila siku. Na mtetea wangu mwekundu, mkisikia tu mtu anasema kamwene pale njiani, mkimbizeni uvunguni kwangu."