Zebaki Haikutulia, Nami Sikutulia

Ndiyo, ni mimi. Ukisikia watu wa Makina wakicheka habari za mkwe aliyemkalia mama mkwe wake mapajani mbele ya ukumbi mzima, usihangaike kuuliza ni nani, njoo Kawangware 56, nyuma ya duka la rangi, utanikuta kazini. Aibu niliipata, siikatai, lakini sijifichi. Mtu aliyelinda maghala ya watu ughaibuni mchana na kusomea diploma ya elektroniki jioni, kwa jasho lake mwenyewe, hajifichi kwa sababu ya cheche.

Baba mkwe wangu, Mzee Odera wa mtaa wa Raila, ni mpiga gitaa la benga tangu ujana wake. Ana amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, nzito kama gunia la mahindi, iliyokuwa imenyamaza miaka mingi. Siku ya sherehe yake ya shukrani wanawe walitaka apigie spika ya kuchaji, ile ya wahubiri wa barabarani. Mzee akasema sauti ile ni ya nzi ndani ya kopo, na amplifaya yake isipoongea, gitaa analitundika ukutani na halishuki tena. Nikamwambia, "Baba, niachie mimi."

Kazi ilikuwa rahisi (kwangu). Zilizokufa ni valvu mbili tu, zile zinazopokea umeme mkali wa transfoma na kuulazimisha kwenda upande mmoja. Mezani nilikuwa na aina mbili za kuchagua. Za kwanza ni za kawaida, zinapata joto polepole, hazina matata, wala hazina sura. Za pili zina zebaki ndani, na zikifanya kazi zinawaka bluu ambayo hujawahi kuiona. Ila zebaki ukiisafirisha inatapakaa kila pembe ya kioo, kwa hiyo ukifika unawasha swichi ya kwanza, ya joto peke yake, unangoja kama nusu saa zebaki irudi chini, ndipo uguse swichi ya pili, ya umeme mkali. Haya niliyajua. Nasisitiza, maana kuna watu wanasema sikuyajua. Nikachagua za bluu, kwa sababu nilitaka ukumbi uone.

Tukaifunga kwenye bodaboda, imelala ubavu kama mgonjwa, hadi ukumbini Makina, tukafika tumechelewa. Nikawasha swichi ya kwanza, na ningekaa kimya pale siku ingeisha salama, lakini MC akanipa maikrofoni ya ile spika ya kuchaji nisalimie watu, na mimi ukinipa maikrofoni huwa sirudishi haraka. Nikaeleza diploma. Nikaeleza zebaki. Maneno yakaniishia kabla zebaki haijatulia.

Shemeji yangu Ouma akapaza sauti kutoka nyuma, "Injinia wa majuu! Hiyo ni amplifaya ama ni jiko?"

"Wacha ichemke, buda," mwingine akamjibu, "anatupikia githeri!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshika gitaa, ananitazama. "Mkwe, bado?"

"Tayari, Baba," nikasema, nikabonyeza ya pili.

Bluu ilikuja, wallahi ilikuja, nzuri kuliko nilivyowaahidi, ikadumu kufumba na kufumbua. Kisha ikageuka radi ndani ya kioo, paa! Fyuzi ikaenda, stima ya ukumbi ikaenda, nami nikaruka kinyumenyume nikipiga yowe, "Mayi weee!" nikatua juu ya kitu laini. Kilikuwa mama mkwe. Na nyinyi mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, wanasalimiana kwa mbali macho yakiwa chini, na mimi huyo nimepakatwa kama mtoto wa kliniki! Maikrofoni nayo ilikuwa bado mkononi, na spika ya kuchaji haijali kama stima imepotea. Yowe langu lilifika barabarani, likafuatwa na sauti ya mama, taratibu, kila neno likisikika: "Mwondoeni mtoto wa watu, magoti yananiuma."

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Ouma akaanza kuvuta ile spika mbele. "Mzee, leta waya ya gita, tumalize hii maneno."

Mzee akampita, akainama kwenye amplifaya. "Imekufa?"

"Valvu moja tu, Baba. Yenyewe ni nzima."

"Na ungengoja?"

"Ingeongea." Nilimjibu nikiwa nimeinua kichwa, kwa sababu ulikuwa ukweli.

Akalirudisha gitaa kwenye mfuko wake. "Leo kuleni. Nitapiga Jumapili, kwa fundi." Basi tukala wali wa sherehe bila muziki, na kila jicho lilikuwa kwangu.

Jumapili alikuja karakana na nusu ya ukoo. Nikaweka tena za bluu (ndiyo, za bluu!). Mzee akavuta stuli, akafunika swichi ya pili kwa kiganja chake, na hakukiondoa mpaka chai ilipoisha na Ouma alipochoka kutania. Kisha akabonyeza mwenyewe. Mwanga ukasimama imara, gitaa likalia, na Ouma akavua kofia.

Nimeapa sitashika tena maikrofoni na swichi siku moja. Kuhusu valvu, msinishauri. Nachagua mimi.