Mkate wa Aliyezikwa

Unga ulioumuka kwa hamira hutoa harufu ya kitanda cha mtu aliyetoka kuamka sasa hivi: joto, jasho kidogo, na uchachu wa mdomo uliofumbwa usiku kucha. Niliijua harufu hiyo nikiwa na umri wa miaka tisa, katika jiko la bibi yangu kule Myamba, milimani Upare, msimu wa baridi, wakati ukungu ulipokuwa ukiingia hadi ndani na kukaa kando ya mafiga kama mtu wa nyumbani. Kabla ya hapo jiko lile lilinuka moshi, makande na tangawizi. Harufu mpya ililetwa na mama mdogo Nakijwa, kitinda mimba wa bibi, aliyerudi kutoka Uarabuni alikokuwa akifanya kazi za ndani. Alirudi na begi moja, paketi za hamira, na ujuzi wa kuoka mkate wa Kiarabu, ule mwembamba unaovimba ukawa mtupu katikati. Shida ni kwamba tulikuwa tumeshamzika.

Mwajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu, jambo tulilokuja kulijua baadaye. Sisi tulichojua ni kwamba hapatikani. Kisha mwanamke mmoja aliyetoka huko akaleta habari kwamba binti wa Kipare amefia kule na kuzikwa hukohuko. Kumbe alikuwa Mpare mwingine, wa Usangi. Katika ukoo wetu, maiti isipopatikana hukatwa mgomba, ukavikwa nguo za marehemu na kuzikwa mahali pake, ili aliyefia mbali asitangetange. Mchungaji alisali sebuleni akaondoka. Mambo ya mgomba aliwaachia wazee. Niliona gauni la mama mdogo, lile la maua ya buluu, likifungwa vifungo juu ya shina lililokuwa likichuruzika maji. Bibi alilishika shina upande wa juu kwa viganja viwili, kama unavyoshika kichwa cha mtoto unayemwogesha.

Siku Nakijwa alipotokea uani watu walikimbia, kisha wakarudi, wakamshika mikono, wakalia, wakacheka. Mama Elisaria, jirani yetu, ambaye hakuna msiba uliowahi kumfunga mdomo, alimzunguka akamfinya shavu. "Mzima huyu, jamani! Tena kanenepa. Haya, nirudishie machozi yangu!" Bibi hakukimbia wala hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akainamisha kichwa, akamwambia binti yake, "Shikamoo."

Mzazi hamwamkii mwanawe hivyo. Na bibi alikuwa na akili zake timamu; nyimbo za kanisani alizijua ubeti kwa ubeti kuliko kwaya. Lakini kwake yeye, aliyekwisha kushuka kaburini ametangulia, na aliyetangulia ni mkubwa, na mkubwa huamkiwa. "Mama, ni mimi," Nakijwa alijibu. Bibi akaendelea kusimama, akingoja kitikio. Hakikuja. Ikawa hivyo kila asubuhi, mmoja akiamkia na mwingine akikataa kuitikia, na tangu siku hiyo bibi hakuonja chochote kilichopita mikononi mwa binti yake. "Hajaniitikia," alimweleza Mama Elisaria. "Anayekunyima kitikio, utajuaje amekuja kwa heri?" Alijishikiza kwa ndizi mbivu na maziwa ya jirani. Mashavu yakabonyea. Akipita mlangoni mwanga ukiwa nyuma yake, nilimwona mwembamba kama fimbo iliyofungwa kanga, nikawaza kwamba kati ya wale wawili, anayeondoka ni yeye.

Ndipo mama mdogo akaanza kuoka. Makande yalikuwa yamekataliwa, uji umekataliwa. Nadhani alitumaini chakula ambacho nyumba ile haikuwahi kukijua kingepita. Kwa baridi ya kwetu hamira ilikuwa nzito kuamka, kwa hiyo alifunika bakuli la unga, akalifunga tumboni kwa kitenge na kufanya kazi nalo. Alifagia, akachota maji, na tumbo lile likazidi kukua siku ileile. "Hiyo mimba itazaliwa mchana!" Mama Elisaria alitania, lakini hakusogea karibu. Kisha yalikatwa madonge, yakasukumwa kwa chupa ya soda na kutupwa kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto sana. Mkate ulilala kimya, ukapata mabaka, kisha ngozi yake ikainuka polepole, ikajaa, ikatetemeka. Ulipopasuliwa ulitoa sauti ndogo, ya mtu anayeshusha pumzi.

Bibi alisogeza kigoda chake karibu na moto. "Nani kaingia humo?"

"Mvuke tu, mama."

"Ukipasuka, anakwenda wapi?"

Nakijwa alimtazama mama yake: shingo, mikono, mifupa ya mabega. Aliuweka mkate mzima kwenye sahani, ukiwa bado umejaa, akapiga magoti na kuusogeza mbele yake.

"Shikamoo," bibi alisema.

Mkate ulianza kunywea. Nilisikia kuni zikialika motoni.

"Marahaba, mwanangu," Nakijwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyemzidi umri.

Bibi akaupasua mkate akala. Alikula wote, akaomba mwingine. Tangu hapo alinawiri, akaishi miaka mingi, na muda wote huo alizungumza na binti yake kama watu wanavyozungumza na waliotangulia: amwombee mvua, amfikishie marehemu babu salamu. "Nimemfikishia," Nakijwa alijibu, huku akikanda unga. "Anasema usijali."

Leo naishi Same mjini, ambako kwa joto hili unga huumuka mezani bila kubebwa na mtu. Mkate wa Kiarabu unauzwa dukani ndani ya nailoni, na haushushi pumzi ukiupasua. Mabinti wanaokwenda Uarabuni huonekana kwenye simu kila jioni, na mama zao huwauliza wamekula nini. Sijasikia tena mgomba ukikatwa na kuzikwa kwa habari ya kuambiwa tu. Juzi mama mdogo alipokuja kunitembelea nilimwuliza kama alihisi chochote siku ile alipoitikia.

"Baridi," alisema. "Ilianzia miguuni ikapanda. Nilitaka kuyameza yale maneno, lakini mama alikuwa ameshaanza kutafuna."