Barua Nambari 115

Jepkoech alikuwa watu wawili, na hakuna aliyewahi kuwaona pamoja. Wa kwanza alikuwa karani wa Gurdial, mfanyabiashara wa viazi mjini Nakuru: sketi nyeusi, maneno machache, barua pepe za Kiingereza kilichonyooka. Wa pili aliitwa Mama Viazi. Huyo aliishi kwenye saiba moja, duka la intaneti la mtaa wa nyuma, saa ya chakula cha mchana, akiandika kwa Kiswahili kwenye kundi la barua pepe la watu wa Keringet. Na alikuwa na mdomo, jamani!

Mama Viazi aliwasema madalali, akawasema machifu, lakini alichokichukia kuliko vyote ni lumbesa, lile gunia linaloshonewa wavu juu mpaka linaota kichwa, kisha mkulima analipwa kana kwamba ni gunia la kawaida. Mama mzazi wa Jepkoech alilima viazi Keringet na kuviuza hivyo hivyo, kila msimu. Mnunuzi alikuwa nani? Gurdial. Ndiyo maana Jepkoech hakuifungua anwani ya Mama Viazi kwenye kompyuta ya ofisi hata siku moja. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha mdogo wake, na hakuwa na nyingine.

Sasa, Gurdial alikuwa na desturi moja iliyowachosha wote. Kila barua, ya kuingia au ya kutoka, hata ya kumwomba fundi aje kutazama choo, ilipewa nambari, na kila barua yenye nambari ilikuwa lazima ijibiwe kabla ya Jumamosi. Kwa miaka sita Jepkoech alikuwa akiandika nambari kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Vidole vikazoea.

Oktoba 2007 mama yake alipiga simu kusema kwamba magunia safari hii yalimeza madebe mawili zaidi kila moja. Jepkoech alikimbilia saiba, akaandika kwa hasira habari za mkulima mmoja na magunia yake, akatuma, akarudi kazini moyo mwepesi. Hakuona kwamba juu kabisa, mahali pake pa kila siku, vidole vilikuwa vimeandika: Kumb. GS/115/07.

Siku mbili baadaye Gurdial alimwita. Mezani palikuwa na karatasi iliyochapishwa. Dalali mmoja ndiye aliyeileta, akicheka.

"Barua ya mwisho kwa faili ni nambari ngapi?" Gurdial aliuliza.

"Mia moja kumi na nne, Mzee."

"Na hii?"

Jepkoech alisoma nambari yake mwenyewe juu ya barua ya Mama Viazi. Angeweza kukana. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini alimkumbuka mama yake akivuta wavu kwa mikono miwili ili madalali wapate kufunga, akaona haya. Miaka sita alikuwa amekaa kwenye kiti kile kana kwamba hamjui.

"Ni yangu," akasema. "Mama Viazi ni mimi. Na huyo mkulima ni mama yangu. Anakuuzia wewe."

Uso wa Gurdial uliiva kwa hasira, na wala si hasira ya mchezo. Jepkoech akachukua mkoba wake, maana alijua mazungumzo kama hayo huishia wapi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Mzee."

"Na barua iko na nambari? Nani atajibu?" Akamsukumia ile karatasi. "Weka kwa faili. Halafu kaa, uandike mia moja kumi na sita. Sema Gurdial atakuja Keringet Ijumaa, na mizani."

Jepkoech akakaa. Akakosea herufi, akafuta. Aliandika nambari, akaandika tarehe, kisha akakwama mahali pa jina.

"Nimwandikie nani, Mzee? Mama Viazi?"

"Huyo simjui," Gurdial alisema. "Andika jina lako."