Breki Alizofunga Kitwa

Katika mwaka wa pili wa vita, upande ule wa Kamina palibaki gari moja tu la raia lililokuwa bado linatembea: Landkruza nyeupe ya zahanati, kuukuu, iliyoundwa kabla Stanislas hajazaliwa. Mengine yalikuwa yamechukuliwa na wanajeshi, au yamefichwa nyuma ya nyumba bila magurudumu. Kitwa ndiye aliyekuwa fundi wa gari hilo. Stanislas, mtoto wake pekee, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa dereva wake. Na Mujinga, mke wa Kitwa, mkunga, alilipanda karibu kila juma kwenda kuzalisha wanawake vijijini.

Ubaya wake ulikuwa breki. Zilikuwa za zamani, za tambour, zinazofichwa ndani ya bakuli la chuma kwenye kila gurudumu. Hata pakavu ilibidi kukanyaga mara tatu ndipo zishike. Gari likivuka maji, maji yalibaki ndani ya bakuli, na hapo dereva angeweza kukanyaga kwa nguvu zote na gari likaendelea na safari yake.

Mwezi wa tatu walivuka kijito kilichofurika, wakafika mteremkoni, na breki hazikushika. Gari liliacha barabara, likafyeka mihogo ya watu, likasimama kwenye kichuguu. Mama mjamzito aliyelazwa nyuma hakuumia. Mujinga alivunjika mtulinga.

Kitwa alimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa kwa kitenge.

"Kazi sitaacha," Mujinga alimwambia. "Bantu bananingoja. Lakini weye njo fundi, Kitwa. Tengeneza ile motokari."

Kitwa alijua la kufanya. Landkruza za miaka ya baadaye zilikuwa na breki za diski kwenye magurudumu ya mbele: sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa pande zote mbili, na maji huirukia na kuondoka. Kapenda, mchuuzi wa samaki wa Bukama, alikuwa na moja iliyopinduka ikaachwa majanini. Kitwa alisafiri huko juu ya behewa la mizigo, akafungua kila kitu kilichokuwa nyuma ya magurudumu mawili ya mbele, akarudi na magunia mawili yanayonuka samaki wakavu.

Stanislas alimsaidia kuyashusha, kisha akasimama akiyatazama.

"Papa, acha yo vile iko."

"Juu ya nini?"

"Ule kapiteni wa banajeshi alikuja mara mbili kuichukua. Mara ya mwisho alijaribu kuiendesha mwenyewe, akakaribia kugonga ukuta. Alicheka, akaenda. Banajeshi banaiogopa, papa. Ile breki mubaya njo inatulindia motokari."

Kitwa aliyasikia vizuri maneno yale, na baadaye aliyakumbuka neno kwa neno. Siku ile alijibu kama mtu ambaye mkewe bado hawezi kuinua mkono kuchana nywele zake.

"Na mama yako atapanda motokari yenye haishike?"

Stanislas alikwenda kuleta jeki.

Kazi iliwachukua miezi. Walipolijaribu mara ya kwanza, magurudumu ya mbele yalipata moto mpaka yakatoa harufu, kwa sababu diski hazikuachiliwa baada ya mguu kutoka kwenye pedali. Siku mbili Kitwa alikuna kichwa. Kisha alifungua pampu ya breki na kukuta humo kipande kidogo cha mpira, kilichowekwa kwa ajili ya breki za zamani ili mafuta yasirudi yote. Akakitoa. Wakapita kijitoni, maji yakifika milangoni, na mteremkoni Stanislas akakanyaga mara moja tu. Gari likasimama. Mujinga, aliyekaa katikati yao, alimshika mumewe goti, akauacha pale mkono wake mpaka wakafika nyumbani.

Majuma matatu baadaye kapiteni alirudi.

Alizunguka na gari uani, akalisimamisha, akazunguka tena. Aliposhuka alikuwa anatabasamu.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ni minyi," Kitwa alisema.

"Kazi nzuri, mzee. Tunalichukua kwenda kaskazini. Siku kumi, litarudi. Dereva wake ni nani?"

Stanislas alikwisha kusogea mbele. Kitwa aliomba aende yeye. Alisema breki zile alizifunga kwa mikono yake na hakuna mwingine anayezijua. Kapiteni alimtazama mvi zake, akasema anataka kijana. Kisha akaenda kivulini kuandika karatasi ya kuchukua gari.

Kitwa alichutama kando ya gurudumu la mbele. Mfukoni alikuwa na spana. Nusu mzunguko kwenye nati moja, na mafuta ya breki yangemwagika yote mchangani. Kapiteni angecheka tena, angeondoka. Au asingejaribu tena, angeondoka na gari hivyo hivyo, na anayeliendesha ni Stanislas. Kitwa aligusa nati ile kwa kidole. Spana haikutoka mfukoni.

"Papa, simama," Stanislas alisema taratibu. "Banatuangalia. Ntarudi."

Siku kumi zilipita, zikapita nyingine. Baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata alikuja mtu aitwaye Kyungu, aliyebebeshwa mizigo ya jeshi na kutoroka. Alikaa nao barazani, akasimulia huku anatazama chini. Gari lililokuwa mbele lililipuka barabarani. Stanislas alikanyaga breki, gari likasimama palepale, hatua chache tu kabla ya moto. Waliokuwa nyuma waliruka wakakimbilia msituni, naye Kyungu pamoja nao. Risasi zilitoka upande wa dereva.

"Alifungua mlango?" Mujinga aliuliza.

"Hapana, mama. Hakuwahi."

Tangu hapo Kitwa alitengeneza baiskeli na vyerehani. Ukimletea kazi ya breki, alikuelekeza kwa fundi mwingine. Mujinga aliendelea kwenda vijijini, sasa kwa kupakizwa kwenye baiskeli za watu. Nyumbani waliongea juu ya chumvi, juu ya mvua, juu ya misa. Kitwa aliamini kwamba mkewe anamlaumu, na aliona ana haki.

Asubuhi moja Mujinga alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, uani. Mikono yake ikasimama.

"Minyi njo nilikuambia uitengeneze," alisema. "Kila siku niko nangoja useme ni kosa yangu, na weye hausemi."

Kitwa alitaka kumwambia habari ya nati na spana. Badala yake alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akachukua nusu ya majani kutoka kwenye bakuli lake, na wote wawili wakachambua bila kutazamana, machozi yakidondoka kwenye sombe.