Rubi ya Mtani

Mimi ni shangazi wa bibi harusi, na katika ukoo wetu shangazi ndiye anayekemea. Nakemea vizuri tu. Nina duka la simu Gongoni, hapa Tabora, na mteja akija kunililia kwamba ametapeliwa mtandaoni, kabla sijamhudumia namsomea risala nzima: ulituma hela ya nini kabla hujaona mzigo? Ulilipa nje ya mfumo kwa sababu gani? Wengine huondoka wamenuna. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami miaka yote nilidhani walikuwa wanawasema vinyozi.

Jambo lenyewe lilianza na pete ya mama. Marehemu baba alimvisha walipofunga ndoa, ilikuwa na jiwe dogo jekundu, na siku moja akiwa anaosha mihogo jiwe likachomoka likaenda na maji. Akabaki na pete yenye tundu. Kisha wakwe wakaleta mahari ya binti wa kaka yangu, na mama, kwa furaha, akasimama akawaambia kwamba mjukuu wake wa kwanza hatatoka mikono mitupu: siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga, atamvisha pete ya babu yake, ina rubi ya kweli. Kwa mama yangu neno likishatamkwa mbele ya wakwe, limetamkwa. Na rubi yenyewe hatukuwa nayo.

Kaka akasema twende Nzega, yuko mtu huko anauza mawe, tukalishike kwa mkono na lisipofaa tulirudishe. Nikamcheka. Nikamwambia dunia imehamia kwenye simu na yeye bado anataka kupanda basi. "Niachieni mimi," nikasema. Sijui ni pepo gani lililonipanda, lakini nilisema hivyo na mama akaitikia kwamba basi, dada mtu anajua mambo haya.

Upo mnada wa vito mtandaoni. Muuzaji anaweka picha, watu wanapandishiana bei, muda ukiisha aliye juu ndiye amelipata jiwe. Mnada wenyewe hauna ubaya. Hela yako wanaishika wao mpaka jiwe likufikie na uridhike. Unaweza kudai cheti cha maabara. Unaweza kuomba video ya jiwe likiwa juani, maana chini ya taa hata kokoto ya mtoni hupendeza. Yote hayo nilikuwa nayajua, na niliwahi kuyaandika mwenyewe kwenye kundi la familia, kwa herufi kubwa.

Nikamwandikia mwenye rubi moja: cheti kipo? Badala ya kujibu akauliza niko wapi. Tabora, nikasema. Mnyamwezi? Nikasema ndiyo, tena wa asili. Hapo akafunguka. Akasema yeye ni Mgogo, na kwamba babu yangu alibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani bila kuuliza ni ya nani, sasa mimi mjukuu wa mpagazi napata wapi mdomo wa kumuuliza cheti.

Nilicheka peke yangu dukani mpaka machozi. Sisi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani, na wao wakiwatoza hongo ya njia. Mtani akikutukana unamrudishia. Akikukamatia kuku unacheka, siku nyingine nawe utamkamatia wake. Kumnunia mtani ni aibu, watu watasema hukulelewa. Kwa hiyo nikamrudishia: hongo mliyokula kwa babu zetu haijawatosha, mnataka na ya rubi? Akacheka, nikacheka. Tukaendelea hivyo siku kadhaa, jioni nikimsimulia mama vituko vya mtani huyo, na kila nilipotaka kurudia habari ya cheti niliona haya, nikajiona kama mgeni asiyejua utani.

Mwishowe akasema tumalizane wenyewe nje ya mnada, makato ya nini kati ya watani. Nikatuma. Mimi, mwenye risala.

Jiwe lilikuja na basi, limefungwa kwenye pamba. Lilikuwa jekundu, zuri, nikalipiga picha nikamtumia kaka na maneno ya kejeli juu ya Nzega. Ndipo nikaliweka chini ya kioo cha kukuzia tunachotumia kutengenezea simu, nione tu uzuri wake kwa karibu. Ndani kulikuwa na mapovu, ya mviringo, kama ya soda. Nililigeuza huku na huku nikitafuta upande usio na mapovu. Kioo kilichoyeyushwa ndicho kina mapovu ya namna ile, na hilo nalo nilikuwa nimelisoma.

Nikamwandikia yule mtu. Akajibu kwamba mtani hanuniwi, kisha akaifungia namba yangu. Sijui hata kama alikuwa Mgogo kweli. Wenye mnada nao wakasema kwa upole kwamba nililipa nje ya mfumo. Jibu hilo ninalijua, huwa nalitoa mimi.

Ningemwambia mama siku ile, angepata nafasi ya kusema na wakwe mapema, au tungekwenda Nzega. Sikuweza. Nilimwazia kaka akizisoma upya zile kejeli zangu. Nikalipeleka jiwe kwa sonara, mzee wa Kihindi aliyeitengeneza pete hiyo zamani. Alilitazama, akaniuliza kama nimeridhika nalo. Nikasema nimeridhika. Akalipachika.

Siku ya sendofu mama akamvisha mjukuu wake pete, watu wakapiga vigelegele. Hapo akainuka jirani yetu, mama mtu mzima, Mgogo kabisa, mtani wetu wa kuzikana. Akaichomoa pete kidoleni mwa binti kama watani wafanyavyo, ili tuikomboe, akainyanyua juu akasema Wanyamwezi hawa wanamwozesha mtoto kwa kipande cha chupa. Turubai zima likaangua kicheko, hata wakwe. Alikuwa anatania tu, masikini, hakujua lolote. Wajibu wangu kama shangazi ulikuwa kumjibu, na watu walinigeukia wakisubiri. Niliinamisha uso.

Mama alikuwa ameketi karibu yangu. Akanishika mkono, akauliza taratibu, "Ni kweli?"

Nikazidi kuinama. Aliinuka akaomba kipaza sauti. Akawaambia wakwe wamsamehe, mtani amesema kweli, jiwe lile si rubi. Akasema amelinunua yeye mwenyewe kwenye simu, akadanganywa na mtu aliyejiita mtani, ni uzee. Hakutaka mjukuu wake aende kwa watu na uongo kidoleni. Pete abaki nayo kwa ajili ya babu yake. Kicheko kikakatika. Yule jirani akamrudishia binti pete, akamkumbatia mama, akawa analia kwamba mtani huchukua mbele za watu, hawezi kumwibia mtani wake gizani.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Ningeweza kusimama. Kaka alinitazama, na mpaka leo jambo hilo hajalitaja.

Tulipokuwa tunagawa chakula, mama mkwe wa binti alinivuta pembeni. Alikuwa mpole. "Shangazi," akasema, "na wewe una duka la simu. Kwa nini ulimwacha mama ahangaike na mambo hayo peke yake?"

Nikasema ni kweli, ningemsaidia. Mama yangu hajui hata kufungua ujumbe, huwa namfungulia mimi.