Tuta la Misambu ya Kaoneka

Bi Hadia Shemweta alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika bustani ya miti, huku juu milimani kwetu Usambara, na miaka yote hiyo alikuwa akiwapalilia wageni. Mti uliotoka Brazili ulikuwa na kibao cha bati chenye jina na namba. Mkaratusi wa Australia nao ulikuwa nacho. Msambu, mti wa msitu wetu wenye mbegu za mafuta, uliojiotea hapo hapo haukuwa na kitu, na kanuni ilikuwa moja: kisicho na kibao ni gugu. Wazungu walioitunga waliondoka, vibao vikashika kutu, kanuni ikabaki na afya njema.

Mumewe, Mzee Kaoneka, aliitekeleza kwa panga mpaka alipostaafu. Ndipo aibu ikamshika. Msambu wa mwisho bondeni kwetu ulipopasuliwa mbao, alipiga magoti kando ya kisiki akawapora panya buku akiba yao, mbegu mia mbili, akampa mkewe azipande kwenye tuta la kitalu cha bustani. Miezi miwili baadaye tulimzika.

Mbegu ya msambu haina haraka. Mwaka ulikwisha, tuta likabaki udongo mtupu. Bi Hadia alilimwagilia kila asubuhi, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa. Kisha ikaja barua: wakubwa watatembelea bustani Ijumaa. Meneja mpya, Bwana Lwiza, aliyeletwa kwetu pamoja na shahada yake, akapita kukagua.

"Mama, hapa pana nini?"

"Misambu."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Tangu lini?"

"Machi ya mwaka jana."

"Basi imepotea njia. Kesho pafukuliwe, papandwe maua. Wageni wanataka rangi."

Bi Hadia alikwenda nyumbani. Akakata masale, yale tunayopanda makaburini, akayachomeka kuzunguka tuta lote.

Asubuhi kibarua Shelukindo alifika na jembe begani. Alipoona masale akavua kofia.

"Shangazi, amelala nani hapa?"

"Wamelala mia mbili."

"Mia mbili! Na hatukula hata matanga?"

"Wewe tumbo tu. Haya, fukua, kama mkono wako mwepesi."

Mkono ulikuwa mzito. Wenzake nao, kila mmoja akakumbuka kazi aliyoiacha upande wa pili wa bustani. Bwana Lwiza akaja amekasirika.

"Mama, hili ni kaburi?"

"Mimi nimesema?"

"Mbona hawafukui?"

"Waulize. Midomo wanayo."

Akanyakua jembe mwenyewe, akaliinua. Lakini kwao ni Upare, na huko nako masale huota penye wafu. Mama yake amelala chini ya majani hayo hayo. Jembe likakaa hewani muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa mtu mwenye shahada, kisha likashuka polepole.

"Maua yawekwe kwenye ndoo," alisema.

Ijumaa wakubwa walikuja, wakapiga picha na mikaratusi. Walipofika kwenye tuta, waliona masale wakadhani ni kaburi, nasi hatukuwa na haja ya kuwasahihisha. Wakavua kofia. Mama mmoja mwenye miwani alichomoa ua kwenye ndoo akaliweka juu ya udongo. Hapo Bi Hadia, ambaye siku ya mazishi ya mumewe alikuwa mkavu akihesabu sahani, alikaa chini akalia mpaka mtandio ukalowa.

Juni yalichomoza machipukizi kumi na moja, mekundu kama masikio ya kitoto kichanga. Bwana Lwiza alichuchumaa kando ya Bi Hadia.

"Yatazaa lini, mama?"

"Kuna madume na majike. Kwanza yachanue, ndipo tujue. Labda miaka kumi na miwili."

"Nawe una miaka mingapi?"

"Sitini na tisa. Sogea, unayazibia jua."

Akasogea.