Chura Anayezaa wa Mgeta

Miaka michache kabla ya Uhuru, nikifundisha Morogoro mjini, nilimchapa mwanafunzi wangu Skolastika kwa kuandika kwamba kwao milimani kuna chura anayezaa watoto badala ya kutaga mayai majini. Nilidhani ananichezea. Kesho yake akarudi kwao, na wiki mbili zikapita. Ndiye aliyekuwa bora darasani. Dhamiri ikanisuta, nikafunga safari kumfuata.

Jumamosi alfajiri nilidandia lori linalokwenda kuchukua kabichi. Mzumbe tuliipita kukiwa bado na ukungu. Mgeta nikashuka, nikapanda mlima kwa miguu, viatu vyangu vya mjini vikiteleza, wanawake wenye vikapu vya njegere kichwani wakinipita huku wakicheka.

Saa saba mchana nilifika kwa baba yake, nikamwomba msamaha kwa ufasaha wangu wote.

"Pole na safari, mwalimu," akasema. "Lakini mimi ni baba tu. Huku kwetu mtoto ni wa mjomba."

Miaka minne nawafundisha Waluguru, na hilo sikulijua!

Mjomba, mzee Klementi, nilimkuta shambani kwake, kando ya msitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye fimbo?"

Akamwita Skolastika, tukaingia msituni watatu. Magome ya miti yalikuwa ya kijani, yakichuruzika maji. Skolastika akainua jani pana. Chini yake palikuwa na chura mdogo kama ncha ya kidole gumba, tumbo limemjaa. Tukachutama, tukangoja. Kisha akatoka mtoto, akatoka mwingine, na mwingine, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, miguu yote minne kamili. Mmoja alipanda juu ya ukucha wangu. Mungu wangu! Nilivua kofia bila kujua.

Nikanyoosha mkono nimchukue mama mtu, nikawaonyeshe walimu wenzangu. Mzee akaushika.

"Mwache. Hawa wanaishi kwenye kivuli hiki tu. Pale ninapolima maharage walikuwapo. Nilipofyeka, jua likaingia, wakaisha wote. Nilikosa."

"Na mimi nimekosa, mzee."

"Mbele ya nani ulimchapa?"

"Mbele ya darasa zima."

"Basi msamaha wako kauombe huko huko."

Jumapili, baada ya misa, mzee alituteremsha mwenyewe, mimi na Skolastika, hadi kwenye lori. Njia nzima niliwaza: ukiambiwa jambo na mwenyeji, nenda kwanza ukaone, ndipo ushike fimbo.

Jumatatu, mbele ya darasa, nilisema, "Skolastika alikuwa sahihi. Mimi nilikosea, tena nilimwonea. Anisamehe." Nikampa chaki, nikaenda kuketi mahali pake, nikaandika kila alichosema.